Karamu Iliyokataa Kwisha

Hapo zamani, katika nchi ya Uchina, enzi ambazo mtu hakupewa cheo cha serikali mpaka athibitishe kwamba anajua kutunga mashairi, kulikuwa na mji uitwao Qingtan, na mji huo ulikuwa na liwali aitwaye Dou Changshou. Nanyi hebu fikirini wenyewe nchi ambayo anayetoza kodi ni mshairi, anayefunga watu jela ni mshairi, na anayekagua mitaro ya maji machafu naye ni mshairi. Mitaro ya Qingtan ilikuwa imeziba yote, lakini ilikuwa imesifiwa vizuri sana.

Katika mji huo aliishi mwanamke aitwaye Lingzhu, naye alikuwa mtumbuizi wa serikali. Watumbuizi wa serikali walikuwa wanawake waliofunzwa tangu utotoni kupiga zeze, kuimba, kumimina pombe ya mchele bila kudondosha tone, na kutunga beti papo kwa papo mbele ya wakubwa. Walivaa hariri, lakini hariri haikuwa yao. Majina yao yaliandikwa serikalini pamoja na farasi na mitungi, na liwali akitaka kumgawa mmoja wao kwa rafiki yake humgawa, wala hakuna anayemuuliza mwenyewe. Lingzhu aliingizwa humo akiwa mtoto, baada ya baba yake kumkosea mkubwa fulani na nyumba nzima kuadhibiwa. Alipokuwa mtu mzima beti zake ziliimbwa mji mzima, na kila afisa aliyeziimba alidai kwamba amezitunga yeye. Lingzhu hakubisha. Alikuwa na tabia ya kukodoa macho kama mtu ambaye hajaelewa kitu, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba wakubwa humpenda mtu ambaye hajaelewa kitu. Basi wengi walimwona ni juha mwenye sauti nzuri, na hilo lilimfaa.

Sasa sharti niwaeleze desturi ya karamu za watu wale, kwani bila hiyo hatutafika popote. Kila karamu ilikuwa na hakimu wake, na hakimu huyo hakuwa afisa wala mwanamume, bali mmoja wa watumbuizi. Alipewa kibendera chekundu, na tangu alipokisimamisha mezani, neno lake ndilo lililokuwa sheria. Anayekunywa kabla ya zamu yake hutozwa kikombe, yaani hulazimishwa kukinywa chote hapo hapo. Anayeshindwa kutunga ubeti hutozwa kikombe. Hata liwali, hata jamaa ya Kaisari, akikosea hutozwa, na hunywa huku akitabasamu. Kibendera kikilazwa, karamu imekwisha, na kila mtu huurudia ukubwa wake.

Liwali Dou aliipenda desturi hii kupita kiasi, naye alikuwa na sababu. Alikuwa ametunga shairi refu ajabu kuhusu jino lake la juu lililong'oka, na kila alipolisoma karamuni, wageni walikumbuka ghafla kwamba wameacha wagonjwa nyumbani. Liwali akakasirika. Akaagiza jiwe kubwa, akachongesha sheria juu yake, akalisimamisha kando ya mlango wa ukumbi: ya kwamba mtu yeyote akishavuka kizingiti amekuwa mgeni, na mgeni haondoki mpaka kibendera kilazwe, ya kwamba aliyekisimamisha ndiye peke yake awezaye kukilaza, na ya kwamba anayemhimiza mshika kibendera amalize karamu, hata awe nani, atozwe kikombe. Nakala ya maneno hayo akampelekea Kaisari, na Kaisari, ambaye labda siku ile alikuwa na haraka, akajibu kwamba sheria ni nzuri na isiguswe. Tangu hapo watu wa Qingtan walisikiliza habari za jino mpaka mwisho.

Basi ikawa siku moja Liwali akaletewa farasi. Alikuwa farasi mrefu, mwekundu, wa kutoka nchi za magharibi, zawadi ya Jemadari Huyan aliyelinda mpaka wa kaskazini. Na pamoja na farasi zikaja salamu kwamba Jemadari naye anaomba apewe mtumbuizi ajuaye kutunga mashairi. Huyo Jemadari alikuwa kiziwi. Ngoma za vita zilikuwa zimemla masikio yote mawili, hata radi ikipiga haisikii. Lakini aliambiwa zamani kwamba kila mkubwa ana mshairi wake, akaona na yeye hawezi kupitwa. Liwali akamzunguka farasi, akamtazama meno, akamtaja Lingzhu.

Lingzhu aliposikia, moyo ulimpasuka. Alijua habari za huko kaskazini: mahema, mchanga, upepo unaochuna uso, na wanawake waliopelekwa huko wasirudi, wala wimbo wao hata mmoja usirudi. Akaenda uani akapiga magoti mbele ya Liwali, aliyekuwa juu ya farasi wake mpya na hakutaka kushuka. Akaomba, akalia, na kilio kile hakikuwa cha kujifanya.

"Ewe Lingzhu," akasema Liwali, "nimekwisha kumwandikia Jemadari kwa mkono wangu kwamba nitakufanyia karamu ya kukuaga, na karamu ikiisha, mtumbuizi wangu Lingzhu atapanda gari kwenda kaskazini. Neno la Liwali Dou halirudi nyuma."

"Bwana wangu, hakuna njia yoyote ya mimi kubaki?"

Liwali akacheka, na wapambe wake wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. "Iko moja. Ifanye karamu isiishe."

Lingzhu akakodoa macho. "Karamu isipoisha, sitapanda gari?"

"Isipoisha, hutapanda."

"Nimesikia, bwana wangu," akasema Lingzhu, akainama mpaka paji la uso likagusa ardhi, akaenda zake. Wapambe wakaambiana kwamba maskini yule mwanamke ni juha kweli, hata mzaha haujui.

Siku ya karamu ikafika. Walialikwa hakimu wa mji, mtoza kodi, msimamizi wa maghala na makarani wao wote, hata serikali nzima ya Qingtan ikawa chini ya paa moja. Na kwa kuwa karamu ilikuwa ya kumuaga Lingzhu, Liwali akaona ni heshima kumpa yeye kibendera. Alikitoa kwa mikono miwili, mbele ya watu wote, akijiona mtu mwema sana. Lingzhu akakisimamisha katikati ya meza. Wakala bata bukini na samaki wa mvuke, wakatunga beti, wakatozana vikombe, kisha Liwali akasimama akasoma shairi la jino. Alipomaliza akajifuta machozi, akamwashiria Lingzhu kwa kidevu kwamba sasa basi. Lingzhu hakuona. Liwali akakohoa. Lingzhu akaagiza aletewe maji.

"Lingzhu," akasema Liwali, "laza kibendera."

"Bwana wangu amemhimiza mshika kibendera," akasema Lingzhu kwa masikitiko. "Kikombe kimoja."

Wageni wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Liwali naye akacheka, akanywa. Akamwambia tena, akatozwa tena. Akamuuliza kama ana wazimu, na swali hilo nalo likahesabiwa kuwa himizo. Alipotambua kwamba mambo haya si mchezo, alikuwa amekwisha kutozwa kiasi kwamba ulimi haukumtii, akalala na shavu lake ndani ya sahani ya samaki.

Asubuhi wageni wakaamka pale pale walipoketi, shingo zimekakamaa, wakatazama kibendera. Kimesimama. Mtoza kodi akanyata hadi mlangoni, lakini bawabu alikuwa amewahi kuchapwa viboko kwa kumtorosha mgeni mmoja wakati wa shairi, basi akaonyesha jiwe kwa kidole. Mtoza kodi akarudi akaketi. Msalani waliruhusiwa kwenda kwa zamu, kwa sharti kwamba anayekwenda aache kofia yake ya cheo juu ya kiti ihudhurie kwa niaba yake. Ikawa kofia nazo zikipitiwa na zamu hutozwa kikombe, na mwenye kofia akirudi hukikuta kinamngoja.

Liwali akamnong'oneza askari akipore kibendera. Hakimu wa mji, ambaye alikuwa mtu wa sheria na hakuweza kujizuia, akamkumbusha kwamba akikipora mwingine, kibendera hakijalazwa na aliyekisimamisha. Basi karamu itakuwa inaendelea, ila haina hakimu, na karamu isiyo na hakimu hakuna duniani awezaye kuimaliza. Wote wakatetemeka. Askari akarudi nyuma polepole. Na kulivunja jiwe lenyewe nani angethubutu, hali Kaisari amelisifu?

Basi serikali ikaendeshwa mezani. Wenye mashtaka walisimama nje ya kizingiti wakapaza sauti, na kwa kuwa karamuni kila asemaye rasmi husema kwa vina, hukumu nazo zikatoka kwa vina. Wakaja wakulima wawili; mmoja amemwibia mwenzake bata, na bata alionekana waziwazi kwapani mwa mwizi. Kesi ilikuwa nyepesi. Liwali akafikiri, akafumba macho, akasema:

*Bata mpe mwenye bata,*
*bwawa mwizi atapata.*

Ukumbi mzima ukapiga makofi, maana vina vilikuwa safi. Liwali alijua kwamba hakuwa na nia ya kumpa mwizi bwawa, lakini tangu aanze kutunga hakuwahi kupigiwa makofi ya kweli, na hakuweza kuyarudisha. Mwenye bata akaenda zake ameduwaa. Mwizi akamuuliza bawabu bwawa lenyewe liko wapi.

Lingzhu alitoa zamu, alitoza vikombe, alikodoa macho kama kawaida yake. Lakini ndani alikuwa na hofu kuu. Kibendera kilikuwa kijiti chembamba tu kilichochomekwa katika kitako cha udongo, naye hakuthubutu kulala. Alisinzia ameketi, vidole vimekizunguka, mpaka mkono ukafa ganzi. Mara paka wa jikoni akarukia meza kufuata mifupa, akakisukuma, kikainama upande. Lingzhu akakidaka kabla hakijagusa ubao. Wageni wote waliokuwa wamenyanyuka nusu wakaketi tena wakishusha pumzi, na mtoza kodi akamtazama yule paka kwa mapenzi makubwa. Lingzhu akaona jasho limemlowesha mgongo mzima.

Kesho yake akaja Bibi Fang, mke wa Liwali, kumdai mumewe. Aliingia kwa ghadhabu, akavuka kizingiti kabla hajaliona jiwe, basi naye akawa mgeni, akawekewa kiti na kikombe. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuketi katika ukumbi ule, kwani wake za wakubwa hawakualikwa. Akaonja bata bukini, akaona si haba. Akasikia hakimu wa mji akilisifu shairi la jino ili apunguziwe vikombe, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba jino lile alilivuta yeye kwa uzi, lilikuwa bovu, na Liwali alipiga mayowe mpaka mbwa wakajibu. Kisha akasogeza kiti karibu na Lingzhu.

"Mwanangu," akamwambia, "utaweza haya mpaka lini?"

"Sijui, Bibi."

"Unaogopa safari?"

"Safari siiogopi. Naogopa kuishi na kufa mbele ya mtu ambaye nikisema haoni ila mdomo unaochezacheza. Sina mali, Bibi, wala sina watu. Nina maneno tu."

Bibi Fang akavuta birika. Alimmiminia chai ya moto, akamshikia kibendera bila kukiondolea macho, naye Lingzhu akaweka kichwa juu ya meza akalala kidogo, kwa mara ya kwanza tangu karamu ianze. Wageni wakamtazama Bibi Fang kwa matumaini. Bibi Fang akawatazama wao, wakainamisha nyuso.

Baada ya hapo likaja gari la Jemadari, na akida mmoja na askari wake, kumchukua mtumbuizi. Akida akaingia ukumbini kwa hatua za kijeshi, askari nyuma yake, wakawekewa viti wote. Zamu ikamfikia. Akasema yeye hajui kutunga kitu; akaambiwa basi ni kikombe. Akasema tumbo lake halitaki pombe. Akaitazama miguu yake, kisha akasema kwa sauti ya chini:

*Miguu yangu ya vita,*
*imechoka kunifwata.*

Lingzhu akasahau kukodoa macho. Alisimama, akamwinamia akida yule kama anavyoinamiwa bwana mkubwa, na akida akaona haya, akafurahi, akaomba apewe zamu nyingine. Tangu saa ile hakutaka kuondoka. Liwali alisikia wivu uliomchoma, kwa maana shairi la miguu lilikuwa na mistari miwili tu na watu walikuwa wanalirudia wenyewe bila kulazimishwa na jiwe.

Vyakula vikazidi kupungua. Wapishi wakaleta kabichi ya chumvi, wakaleta tena kabichi ya chumvi, wakaleta maji yaliyochachushiwa kabichi. Ndipo tarishi mmoja akaja mbio, akasimama mbali na kizingiti kama mtu aliyeona chatu, akapaza sauti kwamba Mkaguzi wa Kaisari yuko njiani, amefika daraja la mawe, na kabla ya adhuhuri atakuwa ukumbini hapa.

Liwali akawa mweupe kama karatasi. Mkaguzi akija atavuka kizingiti. Akishavuka, atakuwa mgeni, na hatatoka. Atawekwa mbele ya kabichi, atatozwa vikombe, na ofisi ya Kaisari itamngoja isimwone, kwa sheria ambayo Kaisari mwenyewe ameisifu. Liwali akaona shingo yake iko mashakani. Akainuka, akaja akaketi mbele ya Lingzhu, wala hakuketi kama liwali.

"Lingzhu, sikuhimizi," akasema haraka, kwa kuwa alikuwa amejifunza. "Nauliza tu. Kwa nini hunitii?"

"Bwana wangu, nimekutii mpaka mkono umekufa ganzi. Uliniambia niifanye karamu isiishe. Nimeifanya. Hujaniambia niache."

"Nikikuambia uache, utanitoza kikombe."

"Jiwe ndilo litakalokutoza, bwana wangu. Mimi mtumbuizi tu."

Liwali akashika kichwa. "Na ukikilaza, utapanda gari. Kwa hiyo hutakilaza. Nami siwezi kukwambia usipande, maana nimekwisha kumwandikia Jemadari, na neno langu halirudi nyuma."

"Lisirudi, bwana wangu. Umeandika nini hasa?"

"Kwamba karamu ikiisha, mtumbuizi wangu Lingzhu atapanda gari."

"Basi acha apande," akasema Lingzhu. "Ila bwana wangu ana wino mwekundu hapo mezani, na ana mhuri, na hakimu wa mji yuko hapa, na karani wa majina yuko chini ya meza amelala. Nikifutwa sasa hivi katika majina ya watumbuizi, nitakilaza kibendera mimi niliyekisimamisha, na karamu itaisha kwa sheria. Ikiisha, mtafuteni mtumbuizi wako Lingzhu kila pembe. Mkimwona, mpandisheni gari. Neno lako litakuwa limesimama pale pale."

Liwali akageuka kwa hakimu wa mji. Hakimu akalizungusha jambo lile kichwani, akalitafuta kosa kama mtu atafutaye chawa, akasema haoni kosa. Liwali akauliza kwa unyonge, na Jemadari je, ambaye amekwisha kutoa farasi? Hapo akida akasimama, akasema atarudi yeye pamoja na farasi yule wa Jemadari, na kama Jemadari lazima awe na mshairi, yeye yuko tayari. Atatunga kila jioni, na Jemadari hatajua tofauti.

Ukumbi ukacheka, na ajabu, Liwali naye akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha kwa kutikisika mabega, kisha machozi yakamtoka, machozi mengi kuliko ya shairi lolote. Alisema amewatega watu wote wa Qingtan kwa jiwe lake, na aliyenaswa ni yeye. Akamwamsha karani kwa ncha ya kiatu, akatia kalamu katika wino mwekundu, akalipiga jina la Lingzhu mstari, akagonga mhuri. Hakimu akashuhudia. Bibi Fang akausoma mhuri mara mbili, kwa kuwa alimjua mumewe, kisha akatikisa kichwa kwamba ni sawa.

Lingzhu akavitoa vidole vyake kwenye kijiti kimoja kimoja, maana vilikuwa vimekaza. Akakilaza kibendera.

Hakuna aliyeinuka. Serikali nzima ilikuwa imekaa muda mrefu mno hata ilikuwa imesahau jinsi karamu inavyoondokwa, na kila mmoja akimtazama mwenzake. Lingzhu yeye alijua desturi. Mtumbuizi huondoka wa mwisho. Tangu utoto wake, katika kila karamu aliyoimba, alibaki mpaka mlevi wa mwisho achukuliwe mabegani, mpaka taa zizimwe, na asubuhi imkute akikusanya vikombe vya watu waliokwenda kulala makwao. Katika maisha yake yote hakuwahi kuuendea mlango wa ukumbi ule viti vikiwa bado vimejaa watu nyuma yake.

Akasimama. Akavua vito vya serikali, akaviweka juu ya meza karibu na kabichi. Akairuka miguu ya mtoza kodi, akafika kizingitini, na bawabu kwa mazoea akamtazama Liwali kuuliza kama huyu anaruhusiwa. Lingzhu hakugeuka kuona Liwali anajibu nini. Alitoka nje kwenye jua la asubuhi, wa kwanza, na wakubwa wote wa Qingtan wakaketi kimya mahali pao wakamngoja apite.